Siku Kumi na Tisa Nilizomfutia Shangazi

Kazini wananiita Waya. Jina hilo nililipata wiki ya kwanza tu, kwa sababu mfuko wangu wa suruali haukosi kipande cha waya, na popote ninapokaa naacha skrubu na vifuniko vya plagi. Sikukasirika. Mtu aliyeuokota ufundi wake kwenye kibanda cha mjomba, akifungua redio za watu na kuzifunga tena zikiwa na skrubu mbili pungufu, hana ubavu wa kuchagua jina.

Nayasema haya mapema ili msije mkanidhania msomi. Kompyuta nilijifunza kwa kuziharibu. Nikiharibu ya mtu, nilikuwa naikalia mpaka ipone, kisha namkabidhi mwenyewe kwa uso mkavu kana kwamba haijawahi kuugua mikononi mwangu. Mjomba aliusifu sana uso ule. Aliniambia mteja asijue kamwe kwamba fundi alibabaika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikamwamini.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nilipata vibarua vya miezi mitatu mitatu kwenye nyumba inayochapa vitabu vya wasioona. Ni jengo la chini lenye korido moja ndefu, na kwenye ukuta wa korido kumepigiliwa ubao usawa wa kiuno ili watu waupapase wakipita. Upande mmoja kuna stoo ya karatasi na chumba cha mashine. Upande wa pili chumba cha kusoma na chumba cha kujalidi. Wino hatuna. Mashine inagonga karatasi nene na kuacha nukta zilizovimba, nukta nundu, na msomaji anazisoma kwa ncha ya kidole. Ikianza kazi, ni mvua ya mawe juu ya bati, na hakuna anayesikia simu yake.

Mashine hiyo ndiyo iliyonipa jina zuri, na ndiyo iliyonivua nguo.

Shida yake ilikuwa hii. Ilikuwa inaelewana na kompyuta moja tu, kikongwe cha sanduku la kijivu, chenye mfumo endeshi wa zamani ambao siku hizi hata duka la vitu chakavu hawautaki. Waliotengeneza mashine walishafunga ofisi. Kikongwe kikaanza kuzimika katikati ya kazi, mara moja kwa siku, kisha mara tatu. Kompyuta mpya tulikuwa nazo sita, zina mfumo mwingine kabisa, za kisasa, nyepesi, lakini ukizichomekea waya wa mashine zilikuwa zinaitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Meneja aliita mafundi wawili wa nje. Wote walitikisa vichwa, wakanywa chai yetu na kuondoka.

Mimi nikasema naweza. Sikuwa na uhakika, lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa miezi mitatu.

Niliingiza mifumo yote miwili ndani ya kompyuta moja. Kuna kitu kinaitwa mashine pepe: ni kompyuta isiyo na mwili, haina sanduku wala kioo wala feni. Ni programu tu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, ila yenyewe inaamini ni kompyuta kamili. Ile mpya nikaiita mwenye nyumba, na ile ya zamani isiyo na mwili nikaiita mpangaji. Mpangaji anapewa kipande cha diski, anaazimwa kumbukumbu kidogo, na hajui kabisa kwamba nje ya chumba chake kuna mtu. Waya wa mashine unachomekwa kwa mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba anaupitisha moja kwa moja hadi kwa mpangaji, naye anazungumza na mashine kwa lugha yao ya ujana. Ilinichukua wiki tatu. Siku mashine ilipogonga ukurasa wa kwanza kwa amri ya kompyuta mpya, watu walitoka vyumbani kuja kusikiliza, na Meneja akanikumbatia mbele ya wote. Sikuwahi kusifiwa na watu wengi namna ile kwa mpigo mmoja. Kwa siku mbili nilitembea kifua mbele kama niliyegundua moto.

Jioni hiyo nilimpiga mpangaji picha. Hii si picha ya kutazama. Unamwambia mwenye nyumba ahifadhi hali nzima ya mpangaji ilivyo dakika ile, kila faili na kila mpangilio. Siku mpangaji akiugua, unamrudisha kwenye picha, naye anaamka mzima vilevile alivyokuwa. Ni dawa nzuri mno. Ubaya wake ni mmoja: yote aliyoyafanya baada ya kupigwa picha yanakuwa hayajawahi kutokea.

Sasa nimlete Shangazi.

Si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa jengo zima, hata Meneja, anayemzidi mwaka mmoja, alikuwa akimwita hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiti kimoja cha chumba cha kusoma, akipitisha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya kila ukurasa kabla haujaenda kwa wanafunzi. Alikuwa msahihishaji wetu mkuu. Kila siku alikuja mwenyewe kwa miguu na kurudi mwenyewe, fimbo yake ikiwa kwapani zaidi kuliko ilivyokuwa chini. Alikuwa na utani wa kuchoma. Siku moja nilikigonga kikombe chake cha chai kikamwagika, akasema, "Waya, kikombe hicho mimi nimekikwepa tangu asubuhi. Hayo macho mawili umeyaazima wapi?" Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wakati huo alikuwa na kitabu cha hesabu cha sekondari. Hesabu kwa nukta nundu ni kazi ya watu wachache. Alama moja ikihama, sehemu inakuwa kipeo na mwanafunzi anafeli bila kosa. Shangazi alisoma kurasa za majaribio kwa kidole, kisha akaketi kwenye kompyuta inayomsomea kwa sauti na kusahihisha kwa vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Programu yake nayo ilikuwa ya zamani, kwa hiyo alifanya kazi ndani ya mpangaji huyo huyo, akimfikia kwa mtandao kutoka chumba cha kusoma.

Nilikuwa nimetengeneza folda ya pamoja, dirisha la ukutani ambalo mpangaji anapitishia kazi zake kwa mwenye nyumba, ili akiugua kazi zibaki salama nje. Programu ya Shangazi ililikataa dirisha lile. Kila alipohifadhi humo ilikwama, sauti ikakatika katikati ya neno. Ningeweza kukaa chini na kulitafutia dawa. Badala yake nikamwambia:

"Shangazi, wewe sevu humu humu ndani. Mimi mwenyewe kila jioni nitazihamisha kazi zako."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Haya, mwanangu. Nitakuamini, maana hata usipofanya mimi sitaona," akasema, akicheka.

Wiki ya kwanza nilihamisha kila jioni bila kukosa. Wiki ya pili mtoto akaugua, nikaondoka mapema siku moja. Kesho yake nikasema nitafanya kesho. Baada ya hapo sina la kujitetea, nilisahau tu, na kila nilipokumbuka nilikuwa tayari nimeshavua viatu nyumbani.

Halafu ikaja Jumatatu ya wageni. Wafadhili wa nyumba yetu walikuwa wanakuja saa nne asubuhi kuona hiyo kompyuta ndani ya kompyuta. Meneja alikuwa ameniambia wazi kwamba mambo yakienda vizuri ataisaini barua yangu ya ajira ya kudumu wiki hiyo hiyo. Saa mbili na nusu nikajaribu ukurasa mmoja. Mashine ikagonga mistari nusu, ikaruka, ikagonga takataka. Ijumaa nilikuwa nimechezea kitu kwenye mpangilio wa mpangaji, nikitaka aende kasi zaidi ili nijionyeshe. Nikajaribu kukirudisha, haikuwa. Saa tatu. Meneja akapita mlangoni akiwa amefunga tai.

"Waya, tuko sawa?"

"Tuko sawa kabisa, Meneja."

Nikafungua orodha ya picha. Ilikuwa moja tu. Nikabonyeza kurejesha. Kikatokea kwenye kioo kibao kidogo chenye mstari wa maandishi kuuliza kama nina uhakika, maana mabadiliko yote yaliyofuata yatafutika. Katika nyumba ile watu wanasoma herufi moja moja kwa ngozi ya kidole, na mimi mwenye macho sikusoma mstari mmoja. Nikabonyeza ndiyo. Mpangaji akaamka mzima, mashine ikagonga ukurasa safi, nami nikafuta jasho na kwenda kunawa uso.

Wageni walipiga makofi. Mmoja alinipa mkono mara mbili.

Saa sita walikuwa wameshaondoka. Nilikuwa chumba cha mashine nakula andazi nikasikia sauti ya Shangazi kutoka chumba cha kusoma, si ya juu, ila haikuwa na utani ndani yake.

"Waya. Njoo. Kitabu changu kimekwenda wapi?"

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kufika kwenye kompyuta yake. Miguu ikanipeleka huku akili ikihesabu siku. Zilikuwa siku kumi na tisa za kazi tangu nilipohamisha mara ya mwisho. Alikuwa amefika sura ya kumi na moja.

Nilipoingia, Meneja alikuwa ameshafika, bado na tai yake na furaha ya wageni. Akafungua folda ya pamoja. Zile sura mbili nilizohamisha wiki ya kwanza zilikuwemo.

"Mbona hizi zipo?" akauliza. "Shangazi, hizi zingine ulisevu?"

"Nilisevu."

"Wapi?"

"Pale pale aliponionyesha Waya. Kila siku, kabla ya kuinuka."

Watu sita walinigeukia. Shangazi naye aligeuza uso wake upande wangu, akingoja, na alikuwa ametulia kabisa kwa sababu alijua nitasema kweli. Mbele yangu kulikuwa na barua ya kudumu ambayo haijasainiwa. Nikauvaa ule uso wa kibandani.

"Labda hakubonyeza vizuri," nikasema. "Programu ile ukibonyeza nusu inakubali kwa sauti, lakini haihifadhi. Labda, Shangazi."

Hakuna programu ya namna hiyo. Niliitunga pale pale nikiwa nimesimama.

Vidole vya Shangazi vilikuwa juu ya vile vitufe sita, vikivigusa kimoja kimoja. Kisha akasema polepole, "Labda." Nilitegemea angebisha. Angebisha ningeweza labda kuvunjika na kusema. Lakini alikubali, na alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Sitajitetea kwamba niliteseka. Mchana ule nilijaribu programu zote za kufukua faili zilizofutika, nikapata vipande visivyosomeka, nikavifuta navyo. Ijumaa nikasaini barua ya kudumu. Nyumbani tulifurahi, mke wangu alimpigia mama yake simu. Na Jumatatu iliyofuata Shangazi akaitwa ofisini akasomewa barua ya onyo. Nasema akasomewa, kwa sababu iliandikwa kwa wino, katika nyumba inayochapa nukta nundu, akapewa karatasi ambayo kwa kidole chake ilikuwa tupu. Kitabu cha hesabu kilipelekwa kwa msahihishaji wa nje. Kwenye kiti cha Shangazi akawekwa dada mmoja mgeni, na yeye akahamishiwa chumba cha kujalidi, kutoboa kurasa na kuzipitishia waya wa plastiki.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Niliirekebisha programu yake, dirisha likakubali, nikaiweka kompyuta yenyewe ihamishe kazi kila saa. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu! Watu wakanisifu kwa hilo pia. Shangazi nilimpelekea chai kila asubuhi, nikamtengenezea redio yake bure, nikambebea mabunda ya karatasi ambayo si kazi yangu kuyabeba. Alinishukuru kila mara. "Wewe mwanangu una moyo," aliniambia siku moja mbele ya kina mama wa kujalidi, nikatoka nje nikajifanya napiga chafya.

Lakini utani ulikuwa umemwisha. Nilidhani ni hasira za kuhamishwa. Nikaona pia kwamba fimbo sasa ilikuwa chini muda wote, na korido aliyoizoea miaka ishirini na saba anaishika ubao wake kwa mikono miwili. Nilijitia hamnazo.

Alhamisi moja jioni nilikuta mwanamke amesimama getini na mtoto mchanga mgongoni. Akanisalimia.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye Waya?"

"Ndiye mimi."

"Mama anakutaja sana. Mimi ni binti yake, nimefikia kwa wakwe zangu hapa mjini, nimekuja kumchukua. Siku hizi hataki kurudi peke yake." Akasogea karibu. "Naomba nikuulize kitu, na usinifiche. Wewe uko naye kila siku. Anasahau sahau?"

"Kwa nini unauliza, dada?"

"Anasema kichwa kinamwacha. Anasema alipoteza kitabu kizima, akawa anaapa kwamba amehifadhi, kumbe hakuhifadhi. Tangu hapo hajiamini. Akizima jiko anarudi kulipapasa mara nne. Ameniambia mwenyewe nimchukue nikakae naye kwangu, na kwangu ni mbali, ni mji mwingine. Mwisho wa mwezi anaacha kazi, na nyumba yake tunampa mtu. Mimi naona kama bado yuko sawa, kaka. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mtoto mgongoni alikuwa ananitazama. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu, mtu mmoja tu, hakuna Meneja, hakuna wageni, barua nimeshaisaini. Kitu gani kilinizuia? Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni dogo na la kuchukiza: niliona haya. Niliona haya kusema, nikaona afadhali mwanamke mzima ahamishwe na kichwa chake kitiwe kasoro kuliko mimi nibabaike getini.

"Ni umri, dada," nikasema. "Umri tu. Sote tunaelekea huko."

Akashukuru. Akasema afadhali amesikia kwa mtu anayempenda mama yake.

Jumapili mchana mke wangu alikuwa anafua uani, mimi naanika. Akaniuliza kwa mara ya tatu wiki ile nina nini. Nikamwambia yote, nikiwa nimeshika shuka la mtoto linalonitiririkia miguuni. Niliongea nikiangalia kamba. Nilipomaliza, nilitegemea aniambie nilikuwa na sababu, kwamba nilifanya kwa ajili yao.

"Binti yake alikuuliza," akasema, "na bado ukasema ni umri?"

"Ndiyo."

"Na jioni hiyo ukaja ukala hapa, ukaongeza."

Akanipokonya shuka akalianika mwenyewe, na siku nzima akawa anamwita mtoto tu, mimi haniiti. Jioni ndipo aliposema kwamba kesho nisirudi nyumbani kabla sijamwambia yule mama.

Asubuhi nikaanzia kwa Meneja. Nilipiga moyo konde, nikafunga mlango, nikamweleza picha, kurejesha, kibao ambacho sikukisoma, na uongo wa programu inayobonyezwa nusu. Nilikuwa tayari kuondoka na boksi langu siku hiyo hiyo.

Meneja alinisikiliza huku anazungusha kalamu. Kisha akatabasamu.

"Waya, hayo ni mambo ya kiufundi. Hitilafu hutokea. Kwani leo inafanya kazi?"

"Inafanya kazi."

"Basi. Na hutarudia?"

"Sitarudia. Lakini Shangazi—"

"Shangazi ameshaamua kupumzika, mwache apumzike kwa heshima. Tumeshamwandalia zawadi. Ukilichokonoa sasa utamuumiza bure." Akainuka, akanipiga piga begani. "Umefanya vizuri kuniambia. Wengine wangeficha."

Nilikaa pale kitini nikijisikia mchafu kuliko nilivyoingia. Kosa lile lile, faili zile zile. Lilipokuwa la Shangazi liliandikiwa barua, likamtoa kwenye kiti chake. Lilipokuwa langu lilipigwa piga begani kwa dakika nne. Nilitaka anifokee. Nilitaka hata anikate mshahara. Hakunipa chochote cha kubeba.

Nikavuka korido. Chumba cha kujalidi kilikuwa na kina mama wanne na Shangazi mwisho wa meza, rundo la kurasa kushoto, nyaya za plastiki kulia. Alinijua kwa hatua.

"Waya. Leo umechelewa na chai."

"Shikamoo, Shangazi. Sina chai leo. Nina neno."

"Marahaba. Sema."

"Tutoke nje kidogo."

"Miguu inauma. Sema hapa hapa."

Kina mama hawakuinua vichwa, lakini mikono yao ilipunguza mwendo. Nikachuchumaa kando ya kiti chake ili sauti isifike mbali, na ikafika.

"Kile kitabu cha hesabu hukukipoteza wewe. Nilikifuta mimi. Siku ya wageni mpangaji aliharibika, nikamrudisha kwenye picha ya zamani, kila ulichofanya baada ya ile picha kikafutika. Nilikuwa nimekuahidi kuhamisha kila jioni, na sikuhamisha."

Alikuwa ameshika ukurasa. Aliuweka chini taratibu, ukingo juu ya ukingo.

"Na ile ya kubonyeza nusu?"

"Nilitunga."

"Hakuna programu kama hiyo?"

"Hakuna, Shangazi."

"Kwa hiyo nilisevu."

"Ulisevu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku zote kumi na tisa."

"Rudia."

"Ulisevu kila siku, Shangazi. Kosa ni langu."

Mikono ya kina mama sasa ilikuwa imesimama kabisa. Shangazi hakulia. Aliweka viganja vyake viwili juu ya meza.

"Mjukuu wangu ana miezi mitano," akasema mwishowe. "Tangu alipofikisha miwili sijambeba. Naogopa nitamweka mahali nisahau nimemweka wapi. Binti yangu ananiletea, namwambia mgongo unauma."

Nilisema nisamehe, nikajisikia mjinga kulisema.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akabonyeza kwa kuhesabu, akaiweka mezani kwa sauti ya nje. Ikaita mara mbili.

"Mama? Kuna nini?"

"Niko salama. Nipo na Waya hapa. Msikilize." Akanigeukia. "Mwambie ulivyoniambia mimi."

Nikamwambia. Safari hii nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hakukuwa tena na wa kumficha. Picha, kurejesha, ahadi ya jioni, uongo. Upande wa pili mtoto alikuwa analia kidogo, kisha akanyamazishwa.

"Kaka," binti akasema, "wewe si ndiye niliyekuuliza pale getini?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanijibu nini?"

Nilimtazama Shangazi. Hili sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimepanga nisimwambie, hata asubuhi ile, hata nikiwa nimechuchumaa pale naungama. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, akisikiliza.

"Nilisema ni umri," nikajibu.

"Lini hiyo?" Shangazi akauliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii iliyopita."

Nadhani mpaka hapo alikuwa ameanza kunitafutia njia ya kunisamehe. Jumatatu ile ya wageni mtu angeweza kusema nilibanwa, nilipata hofu, ni ujana. Alhamisi hakuna aliyenibana. Niliona kwenye uso wake pale aliponifikia kwa akili na kuniacha.

"Mwanangu," akaiambia simu, "ile nyumba usimpe mtu. Na jioni usije kunichukua, nitarudi mwenyewe. Nileteeni mtoto kesho." Akakata.

Akasukuma kiti nyuma akasimama. Sote katika jengo lile tuna mazoea, Shangazi akiinuka aliye karibu anampa kiwiko. Nikanyoosha mkono.

"Usinishike," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni asiguse chombo. Akachukua fimbo yake, akaiweka kwapani, akatoka. Kina mama wakaanza tena kutoboa kurasa, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Kutoka pale chini nilipokuwa nilisikia hatua zake zikishika korido katikati, bila kugusa ubao, zikapita mlango wa Meneja bila kusimama. Kisha mlango wa chumba cha kusoma ukafunguka, na sauti yake ikaja, yenye adabu, ikimwambia yule dada mgeni:

"Mwanangu, naomba unipishe. Hicho ni kiti changu."

Mimi sikumfuata.